Maswali ya wasomaji: Ganda lina namba, halina jina

*Safari hii maswali yanajibiwa na afisa mstaafu wa jeshi, mkazi wa Goma, aliyefanya kazi ya uchambuzi katika uchunguzi wa silaha kwa miaka mingi. Majina ya wasomaji hatuyatoi.*

SWALI: Papa, pokea salamu kutoka Ndosho, Goma. Mimi ni kijana wa miaka 27, nimemaliza masomo ya sheria, na kwa sasa natengeneza simu pale Birere ili mkate upatikane. Tangu mapigano ya mwisho wa Januari 2025, watoto wa avenyu yetu wameokota maganda mengi ya masasi juu ya mawe ya volkano, nami nimehifadhi sita katika kopo la maziwa. Kwenye kitako cha ganda moja nimesoma namba mbili, moja juu na moja chini, na ile ya chini ni 75. Jirani yangu anadai kwamba ganda hilo ni la Kichina, kwa hiyo Wachina ndio waliowapa silaha watu waliotupiga. Nimesikia kuna wachambuzi wa kijeshi wanaolipwa kuchunguza mambo ya namna hii kimataifa. Je, mtu ambaye hakuwahi kuvaa sare anaweza kuifanya kazi hiyo, na anaanzia wapi?

JIBU: Mwanangu, niruhusu nianze na hilo kopo, kwa sababu ndilo litakalokufundisha kazi yenyewe kabla ya mambo ya vyeti na mishahara.

Maganda yako sita yamekwisha kupoteza zaidi ya nusu ya thamani yake. Ganda lilipokuwa chini, juu ya jiwe jeusi, lilikuwa na majirani: maganda mengine yaliyolala upande mmoja, ukuta wenye matundu, umbali fulani kutoka njiani. Mchambuzi angepiga picha ya eneo zima kwanza, kisha ya ganda likiwa palepale na rula pembeni, kisha ya kitako chake kwa karibu, akaandika saa, mahali na jina la aliyemwonyesha, na ndipo angeliinua. Sasa unachoweza kuapa mbele ya hakimu ni kwamba ulilitoa kwenye kopo. Na kabla hatujaendelea, waambie hao watoto kwamba kitu chochote chenye mapezi, au chenye kichwa kilichochongoka ambacho hakikupasuka, hakiguswi wala hakirushiwi jiwe. Waweke alama mbali nacho, wamwite mtu mzima, naye awaarifu wataalamu wa kutegua mabomu.

Tuje kwenye namba. Ukipima ganda lako na kukuta urefu wa milimita 39, na mdomo wake ulipokea risasi ya milimita 7.62, basi ni la bunduki ya jamii ya Kalashnikov. Katika maganda mengi ya aina hiyo, namba ya juu ni ya kiwanda na ya chini ni tarakimu mbili za mwisho za mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 75 yako yaelekea kuwa 1975. Jirani yako basi anaweza kuwa amepatia kuhusu kiwanda, lakini hapo ndipo anapopatia na ndipo anapoishia. Risasi iliyotengenezwa miaka 50 iliyopita inaweza kuwa iliuzwa kihalali kwa serikali moja, ikatolewa msaada kwa serikali ya pili, ikalala ghalani, ghala likavunjwa na waasi, waasi wakashindwa, na sanduku likabebwa kuvuka mpaka. Wewe umezaliwa hapa; hesabu mwenyewe majeshi na makundi yaliyopita Kivu tangu 1996, kisha uniambie ganda hilo limepita mikono mingapi.

Ndiyo maana swali la mchambuzi halina haja kubwa na nani aliyeitengeneza. Yeye huuliza: mara ya mwisho silaha hii ilijulikana kuwa mali halali ya nani, na ilitokaje mikononi mwake? Ganda moja mara nyingi haliwezi kujibu hilo, lakini bunduki yenye namba yake ya pekee inaweza, na sanduku lenye namba ya shehena linaweza zaidi. Mchunguzi huiandikia barua nchi iliyotengeneza, akiambatanisha picha na namba, akiomba kujua iliuziwa nani. Akijibiwa, humwandikia mnunuzi huyo, na mnyororo unaendelea hivyo. Mwaka 2005 Umoja wa Mataifa ulipitisha mwongozo wa kimataifa unaozitaka nchi zitie alama kwenye silaha ndogo na zisaidiane katika ufuatiliaji wa aina hii, lakini kujibu barua bado kunategemea sana hiari ya mwenye kuandikiwa.

Nikuungamie kosa langu. Mwanzoni mwa kazi nilinakili namba ya bunduki iliyoliwa na kutu, nikasoma 3 mahali palipokuwa 8. Sikuifuta vizuri wala sikuipiga picha kwa mwanga wa ubavuni, kwa sababu gari lilikuwa linapiga honi na mimi sikutaka kubaki. Tulingoja miezi saba. Jibu lilikuja katika mistari miwili ya adabu: namba hiyo haimo katika daftari letu. Tuliporudi, bunduki ilikuwa imekwisha kuondolewa.

Sasa kuhusu sare. Askari wa zamani ana faida fulani: anajua kikosi kinavyopata chakula na risasi, na anajua kwamba kombora la mota (mzinga mfupi unaorusha kombora juu) ya milimita 82 kwa kawaida huishia kilomita tatu au nne, ilhali roketi ya milimita 122 hufika takriban kilomita 20, kwa hiyo akiliona shimo na mabaki ya mapezi anajua achore duara lenye ukubwa gani kwenye ramani. Haya mtu hujifunza. Askari pia ana ugonjwa wake, nami niliuugua: hufika mahali akiwa amekwisha kuamua adui ni nani.

Wewe una kitu ambacho wengi wetu tulikikosa, yaani sheria, na katika kesi ya Kongo sheria ndiyo inayoamua kama sanduku la risasi ni kosa au ni biashara. Angalia: azimio 1493 la mwaka 2003 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilizuia silaha kwa makundi yenye silaha ya Kivu na Ituri, mwaka 2005 azimio 1596 lilipanua zuio kwa nchi nzima, mwaka 2008 azimio 1807 liliiondolea serikali zuio hilo, lakini nchi iliyotaka kuiuzia Kinshasa silaha ikatakiwa itoe taarifa kwanza, na Desemba 2022 azimio 2667 liliondoa hata sharti hilo la taarifa. Makundi yenye silaha bado yamezuiliwa. Kwa hiyo sanduku lilelile, ghala lilelile, hupata jibu tofauti kulingana na tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi ya mzigo wa ndege. Mchambuzi asiyejua hayo huandika ripoti ambayo mwanasheria wa upande wa pili huichana asubuhi moja.

Kuhusu pa kuanzia, Kundi la Wataalamu wa Kongo, yaani wachunguzi wa Umoja wa Mataifa, lililoundwa kwa azimio 1533 la mwaka 2004, ni watu wachache wenye uzoefu wa miaka. Wanaajiriwa kwa mikataba ya muda, si watumishi wa kudumu, na hawana uwezo wa kumlazimisha mtu kusema. Usilenge huko kesho. Tafuta nafasi katika mashirika ya kutegua mabomu, au katika kazi za tume ya taifa ya udhibiti wa silaha ndogo, hata kama ni ya kujaza madaftari ya ghala, kwa maana hayo madaftari ndiyo moyo wa jambo. Kifaransa unacho, ongeza Kiingereza cha kuandika. Ufundi wako wa simu usiudharau, kwa sababu siku hizi nusu ya ushahidi ni video, na anayejua kuhifadhi faili ya asili bila kuiharibu anahitajika.

Hatari ipo. Machi 2017 wataalamu wawili wa Kundi hilo, Michael Sharp na Zaida Catalán, waliuawa Kasai wakiwa kazini. Zungumza na mama yako kabla hujazungumza na mwajiri yeyote, na kwa hali ilivyo mtaani kwako, usiyaonyeshe hayo maganda kwa kila anayepita.

SWALI: Mzee, mimi ni mama wa Kadutu, Bukavu. Ripoti za wachunguzi wa Umoja wa Mataifa tunasomewa redioni, na kila mara nasikia «inaelekea», «kwa mujibu wa vyanzo». Sisi tuliokimbia tunajua nani alipiga. Kwa nini wao waliosoma hawasemi?

JIBU: Mama, hasira yako naielewa, na wakati mwingine ni woga kweli. Mara nyingi, hata hivyo, kuna sababu mbili. Ya kwanza, anayetajwa hupewa nafasi ya kujibu kabla ripoti haijatoka, na jina lililotajwa kwa ushahidi wa mdomo mmoja hurudi kumdhuru shahidi mwenyewe. Ya pili ni agizo la kazi. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliokwenda Ghouta, Siria, baada ya shambulio la gesi la 21 Agosti 2013, walitakiwa kusema kama silaha za kemikali zilitumika; kusema nani alizitumia hakukuwamo katika agizo lao. Walithibitisha kwamba ilitumika sarini, gesi ya sumu, na hawakumtaja mtu. Lakini waliandika roketi zilikuwa zimeelekea wapi, kwa nyuzi za dira, na wasomaji wengine wakachukua vipimo hivyo wakachora mistari kwenye ramani kutafuta zilikorushwa. Kwa hiyo siku ripoti itakapowafikia, mwombe anayewasomea aanze na ukurasa unaoeleza wachunguzi walitumwa kutafuta nini, kisha aende moja kwa moja kwenye viambatisho vya nyuma, kwenye picha na namba, ambavyo redio huviruka.