Jibu: Maji ya batiki na vinyungu vya majirani

Dada, umeuliza ufanyeje ili maji yako ya batiki yasiingie kwenye vinyungu, zile bustani za mboga za bondeni. Mimi nachovya hapa Iringa, na nilishagombezwa na jirani mwenye mchicha, kwa haki kabisa.

Anza na nta. Ukishachemsha kitambaa kutoa nta, usimwage yale maji. Yaache yapoe usiku kucha. Kwa baridi yetu ya Juni, asubuhi unakuta nta imeganda juu kama samli. Ibandue, ikaushe, itumie tena. Hiyo ni hela.

Kinachounguza mboga zaidi ni kostiki, ile soda kali tunayochanganya na rangi, kwa hiyo pima kwa mizani, acha mambo ya kukadiria kwa kijiko. Chovya rangi hafifu kwanza, nzito ifuate, beseni lile lile. Maji ya suuza ya mwisho yawe ya kwanza kwa kitambaa kinachofuata. Ndoo utakazookoa utazihesabu mwenyewe. Yatakayobaki yamwage kwenye shimo lililotandikwa turubai la plastiki, jua liyakaushe.

Rangi za asili? Magome ya miwati yamejaa Njombe, yale yale ya kusindikia ngozi. Yanatoa kahawia nzuri, na ukitia maji ya misumari yenye kutu inageuka kijivu, karibu nyeusi. Kokwa za parachichi zinatoa waridi iliyopoa. Ila usishawishiwe kutia mrututu: ni shaba ile, inaua samaki. Na wateja wa buluu kali, hao bado watakudai rangi ya dukani.