Jibu kwa aliyenunua BMW X5 ya V8 Arusha: pima kwanza, kisha uamue kutengeneza, kuuza au kushtaki

Mkuu, nimeyasoma maelezo yako kwa makini. Umenunua BMW X5 ya mwaka 2005 yenye injini ya V8 ya lita 4.4 kutoka yadi moja hapo Arusha, namba D, rangi inang'aa na viti vya ngozi havina mkwaruzo. Sasa linatoa moshi wa bluu kila unapoondoka kwenye mataa, linapungua maji bila tone lolote kuonekana chini, na gia boksi linagonga unapopunguza mwendo. Fundi wa kwanza amekubadilishia rejeta na pampu ya maji na hali imebaki ileile. Wa pili anataka kushusha injini abadilishe ringi za pistoni. Muuzaji naye anasema uliliona, uliliendesha na ukaridhika. Unauliza kama ulitengeneze, uliuze au umshtaki. Nilimiliki gari kama hilo hapa Moshi kwa miaka kadhaa na lilinionyesha dalili zote hizo tatu, kwa hiyo ninayoyaandika ni yale yaliyonipata pamoja na yale niliyoelezwa na fundi aliyelitengeneza hatimaye.

Kabla ya lolote jingine, naomba usimamishe malipo yote kwa mafundi. Kati ya matatizo yako matatu, mawili yako kwenye injini na yanaweza kutengenezwa kwa pamoja, na la tatu huenda ni dogo kuliko linavyosikika. Kinachomaliza fedha za watu wenye magari haya mara nyingi ni kubadilisha vipuri kwa kubahatisha, na wewe tayari umeshalipia rejeta ambayo pengine ilikuwa nzima.

Tuanze na huo moshi, maana ndio unaotisha zaidi. Injini yako inaitwa N62. Ilipotoka ilisifiwa sana, na mwaka 2002 ilitwaa tuzo ya kimataifa ya injini bora ya mwaka, kwa hiyo usikubali maneno ya wanaosema umenunua takataka tangu kiwandani. Udhaifu wake ni mipira. Ina vali 32, na kila vali ina sili yake ndogo ya mpira inayozuia oili isishuke kwenye chumba cha moto. Sili hizo zikikaa miaka mingi katika joto kali hukakamaa, na injini inaponguruma gari likiwa limesimama, oili hujipenyeza taratibu na kujikusanya. Ukikanyaga mafuta kuondoka, yote huungua kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana moshi wako unaonekana kwenye mataa na hauonekani ukiwa barabara ya Namanga kwa mwendo wa kawaida. Ndiyo maana pia hukuuona yadini, kwa sababu pale gari huwashwa, huzungushwa kidogo na kuzimwa kabla oili haijapata muda wa kujikusanya.

Kipimo chake hakigharimu chochote. Endesha mpaka injini ipate joto lake la kawaida, simama mahali pa wazi, uliache lingurume kwa dakika 15 hadi 20 bila kugusa mafuta, kisha mwenzako asimame nyuma wakati unapokanyaga kwa nguvu. Likitoa wingu la bluu kisha likasafika, sili za vali ndizo mtuhumiwa wa kwanza. Likitoa moshi muda wote, hasa linapovuta mlima, hapo ndipo hoja ya ringi inapoanza kuwa na uzito, na hata hapo fundi apime kwanza mgandamizo (compression) wa kila silinda kabla ya kugusa boliti moja. Fundi wangu wa kwanza naye alitaka kushusha injini. Nilipomwomba anionyeshe vipimo vya mgandamizo alikasirika kana kwamba nimemtukana, nikaondoka na gari langu.

Kuna jambo jingine dogo ambalo mafundi wengi hulipita. Juu ya injini, kwenye mifuniko ya vali, kuna viwambo vyembamba vya mpira vinavyodhibiti upumuaji wa injini, kimoja kila upande. Kikichanika, injini hunyonya mvuke wa oili na kuuchoma, na moshi wake hufanana sana na ule wa sili. Ukiona kifuniko cha kujazia oili kinavutwa kwa nguvu unapojaribu kukifungua injini ikiwa inanguruma, au ukisikia mluzi, anzia hapo. Bei ya kipuri hiki hailingani kabisa na bei ya kazi ya sili, na kwa gari langu kilipunguza moshi kwa kiasi cha kuonekana ingawa hakikuumaliza.

Sasa maji. Katikati ya ile V ya injini, chini ya manifoldi ya kuingizia hewa, kuna bomba linalosafirisha maji kati ya nyuma ya injini na pampu iliyo mbele. Sili ya mpira ya upande wa mbele ikizeeka, maji huvujia ndani ya bonde hilo na kutokea kwenye kitundu kidogo kilichoko mbele, nyuma ya pampu. Kwa kuwa injini ni ya moto, mengi huwa mvuke kabla hayajafika ardhini, na yale machache yanayoonekana humfanya fundi aape kwamba pampu ndiyo mbovu. Pampu hubadilishwa, maji yanaendelea kupungua, kisha lawama huhamia kwenye rejeta. Hiyo ndiyo njia uliyopitishwa.

Tafuta fundi mwenye pampu ya mkono ya kupimia shinikizo la mfumo wa maji. Injini ikiwa baridi kabisa, aifunge mahali pa kifuniko cha tanki la maji, ajaze shinikizo lisilozidi lile lililoandikwa kwenye kifuniko chenyewe, kisha mliache bila kugusa huku mkiangalia mshale na mkimulika tochi kuzunguka injini. Wakati huohuo akague kama oili imegeuka rangi ya maziwa, kwa sababu maji yakiingia kwenye oili tunazungumzia tatizo tofauti kabisa.

Hapa naomba uwe mwangalifu sana kuliko ulivyo sasa, maana umeandika kwamba unaongeza maji ya bomba kila asubuhi na kuendelea na safari. Injini hii imeundwa kufanya kazi kwa joto ambalo maji yanaweza kuzidi nyuzi 100 za Selsiasi, na kinachoyazuia yasichemke ni shinikizo ndani ya mfumo pamoja na kulanti, yaani dawa ya kupozea inayochanganywa na maji. Penye uvujaji shinikizo hupotea, na katika mwinuko wa Arusha, takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji matupu yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Isitoshe, mshale wa joto wa BMW za wakati huo umepangwa kusimama katikati kwa kiwango kipana cha joto, kwa hiyo unapouona unasogea kwenda kwenye nyekundu, muda wa kuchukua hatua umekwisha. Langu lilichemka juu ya Himo, kwenye kupanda kwenda Marangu, mwezi wa Desemba wakati kila Mchaga aliyeko Dar es Salaam anarudi nyumbani na magari yamebanana mlima mzima. Nililizima papo hapo katikati ya foleni, nikatukanwa na madereva wa Noah kuanzia mbele hadi nyuma, na kichwa cha injini kikasalimika.

Kama vipimo vitathibitisha sili za vali na bomba la maji, fanya kazi zote mbili kwa pamoja. Sehemu kubwa ya bei ni mkono wa fundi, wala si vipuri. Kwa bomba lenyewe kuna njia mbili: ile ya kiwandani, inayodai kufungua mbele yote ya injini, na ile ya kulikata bomba la zamani kupitia bondeni na kuweka jingine linalorefuka na kufunga kwa sili zake mwenyewe. Mimi nilichagua hiyo ya pili na haikuwahi kuvuja tena kwa muda wote niliokuwa na gari. Wakiwa hapohapo, wabadilishe pia gasketi ya mabano ya alternata, ambayo huvujisha oili mbele ya injini na ambayo bila shaka utaikuta imechoka.

Kuhusu fundi, usimwulize kama anaijua BMW, kwa sababu atasema anaijua. Mwombe akuonyeshe vifaa vya kufungia kemshafti (mihimili inayofungua vali) na kifaa cha kubania springi za vali bila kufungua kichwa cha injini. Asiyekuwa navyo atafungua kichwa, na gharama itaongezeka mara kadhaa. Kwa vipuri, nilitumia tarakimu saba za mwisho za namba ya chesisi kutafuta namba halisi ya kila kipuri kwenye katalogi za mtandaoni, kisha nikauliza bei Kariakoo na Nairobi kwa namba hiyo, si kwa maneno ya "sili za X5". Tofauti ya bei baina ya muuzaji na muuzaji ilinishangaza, na mara mbili nilionyeshwa kipuri cha injini tofauti.

Gia boksi ni habari fupi zaidi. Gari lako lina gia boksi la ZF la gia sita. BMW waliandika kwamba mafuta yake ni ya maisha yote ya gari, lakini ZF wenyewe, waliolitengeneza, wanashauri yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba mafuta yaliyomo ndiyo yaliyotoka nayo kiwandani, au mabaya zaidi, kuna fundi aliyeongeza haidroliki ya kawaida. Anza kwa mafuta sahihi ya ZF na sampu mpya, yaani trei ya mafuta iliyo chini ya gia boksi. Sampu ni ya plastiki na chujio limo ndani yake, kwa hiyo hubadilishwa nzima. Kiasi cha mafuta hupimwa injini ikiwa inanguruma na mafuta yakiwa kati ya nyuzi 30 na 50. Fundi anayejaza gari likiwa limezimwa na kusema yametosha hajui anachofanya. Abadilishe pia kile kikombe cha plastiki ambamo plagi ya umeme hupita kuingia kwenye gia boksi, maana oringi zake, yaani pete zake za mpira, huvuja. Kugonga kwa gari langu kulipungua sana baada ya hapo. Likiendelea kugonga, basi lipimwe kwa kompyuta kabla mtu hajakuuzia gia boksi jingine la kukisia.

Kuhusu kumshtaki muuzaji, sitaki kukupa matumaini ambayo sheria haikupi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua masharti ya ubora hata kama hayakuandikwa, lakini ukiwa umelikagua gari, kasoro ambazo ukaguzi huo ulipaswa kuzifichua hubaki kwako. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamruhusu aliyedanganywa kuukataa mkataba, ila inambana pia aliyekuwa na nafasi ya kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Kwa hiyo nguvu yako itategemea ushahidi kwamba muuzaji alijua na akaficha. Soma tena mkataba uone kama umesaini maneno ya kulichukua gari kama lilivyo. Pima pia kilomita: katika modeli yako huhifadhiwa kwenye dashibodi na pia kwenye moduli ya taa (kompyuta ndogo inayoendesha taa), na zikitofautiana kuna nukta ndogo huwaka kwenye dashibodi. Mtu mwenye mashine nzuri atazisoma zote mbili. Ukikuta zimechezewa, nenda kwa wakili ukiwa na karatasi ya vipimo mkononi, na kabla ya wakili mpelekee muuzaji nakala kwa utulivu. Wenye yadi wengi hupenda kurudisha sehemu ya fedha kuliko kesi inayojulikana mjini.

Na kuuza? Ukiliuza leo likiwa na moshi, utapata bei ya chuma chakavu, au itakubidi umfiche mwenzako kama ulivyofichwa. Mimi nilitengeneza injini kwanza, kazi iliyonigharimu karibu robo ya bei niliyolinunulia, nikalitumia, kisha nikaliuza nikiwa nimemkabidhi mnunuzi risiti zote na kumwambia lililobaki. Lakini kwako hesabu inaweza kuwa tofauti: kama mgandamizo wa silinda ni mbovu au oili imechanganyika na maji, mimi nisingelitengeneza. Ningeliuza kwa vipande, kwa sababu milango, taa, viti na difu za X5 zina wateja Arusha na Nairobi, na jumla yake huzidi bei ambayo dalali angekupa kwa gari zima.

Fanya vipimo viwili wiki hii, cha shinikizo la maji na cha mgandamizo, na uandike hapa namba za kila silinda pamoja na mahali maji yalipotokea. Picha ya kitundu cha nyuma ya pampu itasaidia pia, ikiwa fundi wako ataweza kuipata bila kufungua kitu.