HiAce ya kulala safarini: gharama zake kwa miaka minne

Mkuu, umeuliza kuhusu hiyo HiAce ya 2007 yenye kitanda na jiko, injini ya dizeli ya lita 2.5, ambayo muuzaji anataka milioni 32. Unataka kujua kama mafuta yatakumaliza, na kama utafika nayo Mbeya na watoto bila kukwama. Ninayo ya aina hiyohiyo mwaka wa nne sasa. Niliinunua mkononi ikisoma kilomita 190,000, nami nimeongeza 46,000. Kila shilingi iliyotoka nimeiandika kwenye daftari, kwa hiyo nakujibu kutoka humo.

Mafuta hayatakumaliza. Yangu inakwenda kilomita 9 kwa lita ikiwa na mzigo kamili, na inafika 10 nikitembea 80 bila kushindana na mabasi. Dar hadi Matema, kule Ziwa Nyasa, kwenda na kurudi ni kama kilomita 2,000. Ukikadiria lita kwa shilingi 3,000 unapata kama 670,000 (bei yenyewe EWURA, mamlaka ya nishati, hutangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi). Gharama hiyo unaijua kabla hujawasha gari.

Inayoumiza ni ile nyingine. Kwa kilomita hizo zote nimetumia milioni 15.3 kwenye mafuta, na milioni 11 kwenye matengenezo, tairi, betri na bima. Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo hiyo unailipa pale pampuni. Milioni 11 ni kama shilingi 240 kwa kilomita, ila haziji kidogokidogo. Miezi saba inapita kimya, halafu wiki moja inakula milioni mbili. Siku hizi nikirudi safari nasoma kilomita, nazidisha kwa 250, na pesa hiyo naiweka pembeni siku hiyohiyo.

Sasa uimara. Safari yangu ya tatu, tukiupanda mlima Kitonga, taa ya oili iliwaka ikazimika. Nilisogea penye nafasi nikazima injini. Stiki ya kupimia ikaonyesha oili imejaa. Tulivutwa hadi Iringa, na fundi wa pale, Mungu ambariki, hakukimbilia kuniuzia pampu. Alishusha sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Chujio la chini, lile linalonyonya oili, lilikuwa limezibwa na masizi mazito kama lami.

Akanieleza. Chini ya kila nozeli, inayopuliza dizeli ndani ya silinda, kuna washa, yaani pete ndogo ya shaba ya kuziba. Ikichoka, gesi ya moto inapenya kutoka kwenye silinda, na masizi yake yanaishia kwenye oili. Aliyekuwa na gari kabla yangu hakuwahi kubadilisha washa hizo, na oili alikuwa akiichelewesha. Stiki inakuonyesha kuwa oili ipo. Kwamba haifiki juu, haiwezi kukuonyesha. Nililipa 430,000 na tukalala Iringa usiku mbili. Ningelazimisha kupanda, leo ningekuwa nakueleza bei ya injini.

Tangu hapo oili, kama lita saba, naimwaga kila kilomita 5,000, na filta ya dizeli kila 10,000. Mafuta ya madumu barabarani sinunui hata nikiwa na haraka, maana uchafu na maji ndivyo vinavyoua nozeli. Taimingi belti nabadilisha kila 100,000. Ikikatika, vali na pistoni zinagongana na biashara imeisha.

Kwa hayo mengine gari hili sijutii. Limebeba abiria nchi nzima, hivyo hata Makambako au Tukuyu utampata fundi anayelijua na duka lenye bushi zake. Rafiki yangu aliagiza gari la kulala la Ulaya, zuri sana ndani, lina hadi choo. Lilikaa gereji wiki sita likisubiri kifaa kimoja cha klachi.

Upande wa nyumba nao una bili zake. Kitanda nilichokikuta kilikuwa cha mninga, kizito mno. Breki na shokapu za nyuma zilikuwa zinaisha haraka hadi nilipokitoa nikaweka plaiwudi. Friji ya volti 12 kwenye joto la Dar inakula kama Ah 40 (ampea-saa, kipimo cha chaji ya betri) kwa siku. Betri ya kawaida ya Ah 100 usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo bila sola una siku moja tu. Na iwe na relei, swichi inayojiendesha, ya kuitenganisha na betri ya kuwashia, la sivyo asubuhi mtasukuma gari.

Tairi zitakudanganya. Gari la namna hii husimama sana, hivyo kashata, yaani meno ya tairi, zinabaki nzuri huku mpira umezeeka. Soma tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya 2019. Mimi sisafirishi familia kwa tairi iliyopita miaka sita.

Kabla hujalipa, nenda asubuhi injini ikiwa baridi, na wewe ndiye uiwashe. Ikiwa inanguruma, fungua kifuniko cha oili uone kama inapumua moshi kwa nguvu. Mwagia maji kwenye tundu la feni juu ya paa, kisha ingia ndani upapase mbao zilizo chini yake uone kama zimelowa. Halafu mwambie muuzaji gharama ya kushusha sampo utalipa wewe. Akikubali, na chujio likakutwa safi, milioni 32 si mbaya. Akikataa, kadiria bei ya injini nyingine uipunguze kwenye hiyo 32, na asipokubali mwachie gari lake.