Kabla Hujacheza Pool ya Hela na Mgeni

Nimecheza pool Dar, sasa nacheza Houston, na kote nimeona watu wenye mkono mzuri wakiliwa hela na mtu asiyewazidi kitu. Kwenye ukumbi ninaokwenda huku Texas kuna wazee ambao ujana wao waliumalizia barabarani, mji hadi mji, wakila kwa fimbo. Wao wanasema mechi huamuliwa wakati wa kupatana masharti ya dau, kabla mpira haujaguswa. Basi jifunze kupatana kwanza.

Wakianza habari za Johnston City huwezi kuwanyamazisha. Ni kamji ka wachimba makaa kusini mwa Illinois, ambako ndugu wawili, George na Paulie Jansco, walianzisha mashindano mwaka 1961. Zawadi ya ubingwa haikuwa ndiyo iliyowavuta wajanja wa Marekani nzima. Mechi rasmi zikiisha, usiku ndiyo biashara ilifunguliwa, madau yanapanda hadi kunakucha. Mwaka 1972 maofisa wa serikali kuu wakavamia kwa sababu ya kamari, na mashindano yakafa.

Jirani na hapo, Dowell, aliishi Rudolf Wanderone. Ilipotoka filamu yenye mhusika aitwaye Minnesota Fats, yeye akadai ndiye huyo huyo, ingawa kabla ya hapo alijiita New York Fats! Mwaka 1978 alicheza na bingwa Willie Mosconi kwenye runinga, akafungwa, lakini mdomo wake ulimpa umaarufu ambao mabingwa wengi hawakuupata. Mtu akiongea sana mezani, ujue anafanya kazi.

Sasa masharti. Kwenye mchezo wa mipira tisa, anayeingiza wa tisa ameshinda. Mgeni akikwambia, "Kaka, nakupa na wa nane," ina maana wewe ukiingiza wa nane au wa tisa, hela yako. Inasikika kama zawadi. Lakini nafuu hiyo ina kazi pale tu unaposhika fimbo, na mtu anayefungua meza, yaani anayepiga pigo la kwanza, akamaliza mipira yote hakuachii nafasi ya kuitumia. Mimi huwa naomba nifungue mimi kila mchezo. Akikataa hilo huku wa nane anautoa kwa moyo mweupe, ushapata jibu.

Halafu usitazame mipira anayokosa, tazama mweupe, ule unaopigwa na fimbo, unaishia wapi. Kukosa makusudi ni rahisi. Ila mjanja hapendi kukuachia meza, kwa hiyo anakosa, na mweupe unajibanza mahali ambapo huna pa kupiga. Ikitokea mara moja ni bahati. Ikijirudia, lipa soda yako uondoke. Jina lake wala usihangaike nalo: mwaka 1985 Mfilipino Efren Reyes, mchezaji hatari, alikuja hapa hapa Houston, akaingia mashindano ya ukumbi wa Red's kwa jina la Cesar Morales, akayachukua.

Na aliyekushinda akijitolea kujipunguzia nguvu, kataa. Titanic Thompson, mcheza kamari wa Marekani, jina halisi Alvin Thomas, alikuwa akimfunga mtu gofu kwa mkono wa kulia, kisha anaomba warudie kwa dau kubwa zaidi, yeye apige kwa kushoto. Alikuwa mashoto tangu azaliwe.

Kama huchezi ila unamwekea mtu hela, hatari ni nyingine. Kwa kawaida faida mnagawana, hasara unabeba peke yako. Mchezaji asiye na senti yake mezani anaweza kuuza mechi, akachukua chake kwa mpinzani nyuma ya ukumbi, na wewe ukabaki kumpa pole. Kwa hiyo simwekei mtu mpaka naye atoe cha mfukoni, hata kama ni kidogo. Rafiki yangu mmoja hununa kila nikimwambia hivyo, na bado hajawahi kutoa.