Barua ya kilo zilizopungua: usikimbilie "namshtaki"

Pole sana ndugu yangu wa Masasi, kupoteza kilo za korosho msimu mzima umepalilia inauma. Umeuliza uandike unamlaumu, unamtuhumu au unamshtaki karani wa mizani, mi nakushauri uandike "nalalamikia upungufu wa kilo" alafu uambatanishe risiti. Kumlaumu ni kusema yeye ndo chanzo, hata kama alipitiwa tu bila nia mbaya. Kumtuhumu ni kizito zaidi, maana yake unahisi kaiba ila ushahidi bado, ndo maana polisi wanasema mtuhumiwa, akishafikishwa mahakamani anakuwa mshtakiwa, sasa we hujafika huko. Kushutumu ni kumsema kwa ukali, hilo kwenye barua litakuharibia. Na tafadhali sana angalia, mizani ikikutwa ndo mbovu watu watasema umemsingizia, na huku kwetu Mtwara neno hilo halitoki mdomoni mwa watu, huyo karani mtakutana nae msibani na kwenye unyago wa mabinti zenu. Kumsuta nako, yaani kumwendea na mashahidi umuumbue mbele za watu, subiri kwanza mizani ikaguliwe.