Dhibitini kasi na mkopo kwanza

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni fupi: kamari ya mtandaoni ipigwe marufuku, au iruhusiwe kwa sheria? Nasema idhibitiwe, ila kwa udhibiti unaouma. Huu wa kubandika "cheza kistaarabu" chini ya tangazo ni wa kujitoa lawama tu.

Wanaotaka marufuku nawaelewa. Kasino sasa iko mfukoni, inafunguliwa saa nane za usiku mtu akiwa kitandani. Lakini marufuku humbana mwenye ofisi na leseni. Mwenye seva ng'ambo anaendelea na kazi yake. Mwaka 2006 Marekani ilipitisha sheria ya kuzuia malipo ya kamari haramu ya mtandaoni. Kampuni za kamari zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa zikajiondoa, nyingine zikabaki na kuzoa wateja. Aprili 2011 waendesha mashtaka walipozikamata tovuti kubwa za poka, kamari ya karata, ikaja kubainika kwamba moja yao, Full Tilt, haikuwa na pesa za kutosha kuwarudishia wachezaji akiba zao.

Sasa tazama sloti ya kwenye simu, ile mashine ya kamari ya kuzungusha picha. Unaweka dau la kumi, inakurudishia nne, kengele zinalia na sarafu zinamwagika kwenye kioo kana kwamba umeshinda. Umepoteza sita! Uingereza ilikataza shangwe hiyo ya uongo mwaka 2021, ikakataza mashine kuzunguka yenyewe, na ikaamuru mzunguko mmoja usipungue sekunde 2.5. Ikaondoa pia uwezo wa kughairi ombi la kutoa pesa: umeshinda, umeomba chako, unaambiwa subiri, na wakati unasubiri kuna kitufe cha kuzirudisha mchezoni. Aliyebuni kitufe hicho alijua vizuri anachofanya.

Udhibiti ninaoutaka ni wa namna hiyo, unaoingia ndani ya mchezo wenyewe. Ukomo wa pesa anazoweka mchezaji nao uwe wa kampuni zote kwa pamoja, kama Ujerumani ilivyofanya mwaka 2021 kwa kuweka kiwango cha kawaida cha euro 1,000 kwa mwezi. Ukomo wa kampuni moja moja ni kazi bure. Mkeka, yaani tiketi ya kubeti, ukichanika huku, mtu anahamia kule. Matangazo? Italia iliyakataza mwaka 2018, na sioni ilichopoteza.

La haraka kuliko yote ni mkopo. Uingereza ilizuia kadi za mkopo kwenye kamari Aprili 2020. Mimi ningezuia na mikopo ya papo hapo ya simu. Anayebeti akiba yake ana mahali pa kukwama, lakini anayebeti deni hakwami mpaka wadai waanze kumpigia simu ndugu zake.

Najua nitaambiwa mtu mzima asipangiwe matumizi, na kwamba kampuni haiwezi kujua nani ameshakuwa mraibu. Haiwezi? Mteja anayeshinda mara kwa mara hutambuliwa upesi, akaunti yake ikapunguziwa kiwango cha dau, wakati mwingine hadi senti. Macho wanayo. Leseni iwalazimishe kumwangalia vivyo hivyo yule anayeongeza dau kila akipoteza, na wasipomsimamisha, wamrudishie pesa zake.