Darasa la nne na viota: anza na kwera

Mwalimu, umeuliza kwa nini watoto wakitoka kuangalia viota huandika "kiota ni nyumba ya ndege, ni kizuri" na kuishia hapo. Mara nyingi ni kwa sababu wameonyeshwa kiota kitupu, na kiota kitupu hakina vitenzi. Wapeleke kwenye mti ambao kwera wanajenga, wale wa manjano wenye uso mweusi, mvua zikishaanza na majani yakiwa mabichi, asubuhi kabla ya jua kuwa kali.

Chora ramani ya mti, vipe viota namba kwenye ramani (usifunge kitu mtini), na kila kundi la watoto wanne lishike kiota kimoja. Wasimame hatua 15 hivi kutoka mtini. Dakika 10 watazame kimya bila kalamu, 10 nyingine waandike palepale. Wakisubiri kuandika darasani watanakiliana.

Wamfuate dume. Huuma ukingo wa jani la mnazi, akaruka nao mdomoni, na chane ndefu ikachanika. Huanza na kitanzi anachosimama ndani yake, akasuka chumba cha mayai upande mmoja, kisha upande wa pili ukumbi wenye mlango unaotazama chini. Hapo hujining'iniza mlangoni akipiga mbawa. Jike huingia kukagua, na akikubali ndiye anayetandika majani laini na manyoya. Kiota kikibadilika kuwa cha kahawia bila kupata jike, dume mara nyingi hukifumua na kuanza upya. Kwa hiyo rangi iandikwe kila safari! Watoto huiruka, na kwangu mimi hakuna taarifa inayoishinda.

Ukurasa ugawanywe: kushoto "nimeona", kulia "nadhani". "Anamwita mkewe" iende kulia. Rudini kila baada ya siku mbili tatu, saa ileile, kwa wiki mbili.

Tawi lisivutwe kabisa, mayai huanguka. Kiota kilichodondoshwa na upepo kikaguliwe kwanza kama hakina kifaranga, kisha kifungwe kwenye mfuko na kuanikwa juani siku nzima, maana huwa na utitiri. Kifumueni juu ya gazeti: wahesabu chane, wapime ndefu na fupi kwa rula, watenge zilizosukwa na zilizotandikwa. Wanawe kwa sabuni. Ndipo uwape insha: mweleze mtu asiyewahi kumwona kwera jinsi kiota kinavyosukwa, bila neno "kizuri".